Muda, umbali na mwendokasi: namna ya kupima kitu kinachotembea

Mtoto wa darasa la tano anarudi nyumbani na swali: basi limetembea kilomita 120 kwa saa 2, tafuta mwendokasi wake. Anagawanya, anapata 60, anaweka alama ya vema. Muulize sasa hiyo 60 ni nini. Wengi hapo hunyamaza, na wazazi wengi pia hunyamaza pamoja nao.

Hiyo 60 ina kazi kubwa kuliko maksi za mtihani. Ndiyo namba iliyoko kwenye dashibodi ya basi unalopanda kwenda mjini, na ndiyo inayoamua kama mtoto anayevuka lami asubuhi atafika ng'ambo au hatafika. Kwa hiyo tumeandaa makala hii kwa ajili ya wanafunzi wa shule za msingi, wazazi wanaowasaidia kazi za nyumbani, na yeyote aliyeacha shule zamani na bado ana hamu ya kuelewa.

Vifaa vyake vipo nyumbani: uzi, jiwe dogo, kamba ndefu, chaki au mkaa, na simu. Kitochi kinatosha.

Kupima ni kulinganisha

Ukisema "shule iko mbali" hujapima. Ukisema "shule iko mita 2,400" umepima, kwa sababu umelinganisha umbali huo na kitu ambacho watu wote wamekubaliana, yaani mita. Kitu hicho cha kulinganishia tunakiita kizio.

Katika somo la mwendo tunahitaji vizio viwili tu vya msingi: mita kwa umbali na sekunde kwa muda. Vingine vyote hujengwa juu ya hivyo. Kilomita moja ni mita 1,000. Dakika moja ni sekunde 60, saa moja ni sekunde 3,600, na siku nzima ni sekunde 86,400.

Zamani sekunde ilipatikana kwa kuigawa siku. Shida ni kwamba dunia haizunguki kwa usawa kamili, kwa hiyo tangu mwaka 1967 wanasayansi wanaihesabu kwa mitetemo ya mionzi ya atomu za sizi: mitetemo 9,192,631,770 ndiyo sekunde moja. Saa za namna hiyo ndizo zinazoongoza setilaiti na mitandao ya simu, na kwa njia hiyo hata saa ya simu yako inayojirekebisha yenyewe kutoka kwenye mtandao inazifuata.

Hapa tuseme jambo linalotuhusu sisi wa redio. Ukitusikiliza kwa masafa ya FM, sauti inakufikia karibu papo hapo. Ukitusikiliza kwa intaneti, sauti huchelewa sekunde kadhaa njiani, wakati mwingine zaidi ya hapo. Kwa hiyo usirekebishe saa yako kwa matangazo ya intaneti kama unataka iwe sahihi hadi sekunde.

Saa ya Kiswahili na saa ya kwenye simu

Hapa ndipo watoto wengi wanapojikwaa, na kosa lao si la akili ndogo. Wanaishi na saa mbili kwa wakati mmoja.

Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa moja baada ya mapambazuko ni saa 1 asubuhi. Kwetu hesabu hii ina mantiki, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Saa ya kwenye simu inaanza kuhesabu katikati ya usiku. Tofauti ya saa hizo mbili ni saa 6.

Kanuni yake ni hii:

- Simu ikionyesha kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6. Kwa mfano 10:20 ni saa 4:20 asubuhi.
- Simu ikionyesha kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18. Kwa mfano 21:00 ni saa 3 usiku.
- Simu ikionyesha kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza 6. Kwa mfano 01:00 ni saa 7 usiku, na 06:00 ni saa 12 asubuhi.

Ukikata tiketi iliyoandikwa 06:00, fika stendi kabla ya saa 12 asubuhi. Ukifika saa 6 mchana, utakuta basi limekwisha kukuacha kwa saa sita.

Kuna jambo moja la kutuliza moyo. Saa inayosema "ni saa ngapi" inaweza kutofautiana, lakini muda uliopita haubadiliki. Kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 5 asubuhi ni saa 3. Kwenye simu hiyo ni kutoka 08:00 hadi 11:00, nayo ni saa 3. Katika sayansi ya mwendo tunachohitaji ni muda uliopita, kwa hiyo tumia saa unayoizoea, mradi usichanganye zote mbili ndani ya swali moja.

Angalia pia saa 12. Kama safari imeanza saa 12:30 asubuhi na kuisha saa 5:15, usitoe 12 kwenye 5. Ihesabu saa 12 kama sifuri, kwa kuwa ndipo mzunguko unapoanza upya. Saa 5:15 ukitoa saa 0:30, unabaki na saa 4 na dakika 45.

Mbona jua la Kigoma linachelewa?

Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halijui hilo. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi moja kwa kila dakika 4. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya nyuzi 39 mashariki, na Kigoma karibu nyuzi 30. Tofauti ni zaidi kidogo ya nyuzi 9, hivyo jua hufika Kigoma takriban dakika 39 baada ya kupita Dar es Salaam.

Ndiyo maana, mwezi wa Ramadhani, watu wa Dar es Salaam huwa wamekwisha kufuturu wakati wenzao wa Kigoma bado wanalitazama jua juu ya Ziwa Tanganyika. Saa ukutani ni ileile. Kivuli ndicho tofauti.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Simika kijiti wima kwenye uwanja ulio sawa na uweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 15, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana. Kivuli kilipokuwa kifupi kuliko vyote, hapo ndipo jua lilipokuwa katikati ya safari yake. Kwa Kigoma hutakuta hivyo saa 6 kamili, bali karibu na saa 7.

Jiwe na uzi: saa ya kutengeneza mwenyewe

Funga jiwe dogo kwenye uzi, kisha ning'iniza uzi huo kwenye msumari. Pima sentimita 25 kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe. Livute jiwe kidogo pembeni na uliachie bila kulisukuma. Kifaa hiki kinaitwa pendulamu. Kwenda na kurudi mpaka pale lilipoanzia ni bembeo moja.

Bembeo moja huchukua sekunde moja hivi. Sasa refusha uzi uwe mita moja, yaani mara nne. Bembeo moja itachukua karibu sekunde 2, yaani mara mbili tu. Badilisha jiwe, weka zito zaidi bila kubadili urefu. Muda hautabadilika. Watoto wengi hubisha hapa, na ni vizuri wabishe, halafu wapime.

Mtaliano Galileo Galilei, aliyezaliwa mwaka 1564, alichunguza tabia hii ya pendulamu. Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens aliitumia kutengeneza saa ya ukutani iliyokuwa sahihi kuliko zote zilizotangulia.

Jaribio hili lina somo lingine kubwa kuhusu kupima. Kidole cha mtu huchelewa. Kutoka jicho kuona hadi kidole kubonyeza kitufe hupita takriban sehemu mbili au tatu za kumi za sekunde. Ukipima bembeo moja la sekunde moja, kosa la sekunde 0.2 ni moja ya tano ya kipimo chako chote. Ukipima mabembeo 10 kwa pamoja na kugawanya kwa 10, kosa lilelile limegawanywa pia. Kwa hiyo pima mabembeo 10 au 20, rudia mara tatu, kisha chukua wastani.

Kwenye simu tafuta stopwochi, yaani saa inayoanzishwa na kusimamishwa kwa kitufe. Simu nyingi zinayo, hata ndogo. Kama yako haina, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde inafaa kabisa ukihesabu mabembeo mengi.

Kupima umbali bila futikamba

Chukua kamba, pima mita moja kwa rula ya shule, weka fundo. Endelea hivyo hadi mafundo 10. Sasa una kamba ya mita 10.

Tandaza kamba hiyo chini na utembee kandokando yake kwa mwendo wako wa kawaida huku ukihesabu hatua. Kama ni hatua 14, basi kila hatua yako ni mita 10 kugawanya kwa 14, yaani karibu sentimita 71. Kuanzia hapo miguu yako ni kifaa cha kupimia. Hatua 1,000 zako ni kama mita 710.

Kwa umbali mrefu, baiskeli ni bora zaidi. Weka alama ya chaki kwenye tairi, iviringishe mpaka alama irudi chini tena, kisha pima umbali uliokwenda. Kwa baiskeli nyingi za watu wazima ni mita 2 na kitu. Funga kitambaa kwenye spoku moja ili kikusaidie kuhesabu mizunguko.

Mwendokasi ni nini hasa

Siku hizi ukimtajia mtu wa Dar es Salaam neno mwendokasi, anafikiria basi. Darasani neno hili lina maana moja tu: umbali unaokwenda katika kila kipande kimoja cha muda.

Mwendokasi = umbali ÷ muda

Basi letu la mwanzo lilitembea kilomita 120 kwa saa 2. Ile 60 maana yake ni kwamba, kwa wastani, katika kila saa moja lilimaliza kilomita 60. Jibu kamili ni "kilomita 60 kwa saa". Namba ikibaki peke yake, haijasema kitu.

Kanuni hiyo unaweza kuigeuza:

- Umbali = mwendokasi × muda
- Muda = umbali ÷ mwendokasi

Jihadhari na dakika. Saa moja na nusu si saa 1.30. Dakika 30 ni nusu ya saa, hivyo ni saa 1.5. Dakika 15 ni 0.25 ya saa, na dakika 45 ni 0.75. Mtoto anayeandika 1.30 ataikosa hesabu yote hata kama kanuni anaijua kwa moyo.

Mara nyingi pia inabidi kubadili kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde. Kilomita 36 ni mita 36,000, na saa ni sekunde 3,600. Ukigawanya unapata mita 10 kwa sekunde. Njia ya mkato ni kugawanya kilomita kwa saa kwa 3.6. Ukirudi upande wa pili, zidisha kwa 3.6.

Mfano wetu wa kujivunia ni Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, Mtanzania huyo alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Geuza muda wote uwe sekunde: 212.2. Gawanya 1,500 kwa 212.2, unapata mita 7.07 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6, unapata zaidi kidogo ya kilomita 25 kwa saa. Mwambie kijana wako ajaribu kumfuata kwa baiskeli.

Na kwa walimu wanaopima muda wa wakimbiaji wa UMITASHUMTA: anzisha stopwochi unapouona mkono wa mwanzishaji ukishuka, usisubiri filimbi. Sauti inatumia karibu sehemu tatu za kumi za sekunde kusafiri mita 100, na kwenye mbio fupi muda huo unatosha kupotosha matokeo.

Mtego wa wastani

Mtu anaendesha baiskeli kilomita 12 kwenda mnadani, njia ni mteremko, mwendokasi wake ni kilomita 12 kwa saa. Kurudi ni mlima na ana mzigo, anakwenda kilomita 6 kwa saa. Wastani wa mwendokasi wake ni upi?

Wengi watasema 9, kwa kujumlisha 12 na 6 na kugawanya kwa 2. Tuhesabu. Kwenda alitumia saa 1. Kurudi alitumia saa 2. Jumla ni kilomita 24 kwa saa 3, yaani kilomita 8 kwa saa. Wastani uko chini ya 9 kwa sababu alitumia muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole. Siku zote chukua umbali wote, gawanya kwa muda wote.

Safari katika picha: grafu

Mwanafunzi anakwenda shule. Baada ya dakika 10 yuko mita 800 kutoka nyumbani. Dakika ya 20 yuko mita 1,600. Dakika ya 30 bado yuko mita 1,600. Dakika ya 40 yuko shuleni, mita 2,400.

Chora mstari wa muda ukilala chini na mstari wa umbali ukisimama kushoto, kisha weka alama hizo na uziunganishe. Utaona mstari unapanda, unalala, halafu unapanda tena. Pale unapopanda, anatembea. Pale unapolala, amesimama, labda anamsubiri mwenzake. Mstari ukiwa na mwinuko mkali zaidi, mwendo ni wa haraka zaidi.

Alipokuwa akitembea, mwendokasi wake ulikuwa mita 80 kwa dakika, yaani kilomita 4.8 kwa saa. Wastani wa safari yote, pamoja na kusimama, ni mita 2,400 kwa dakika 40. Hiyo ni mita 60 kwa dakika, au mita 1 kwa kila sekunde.

Mwendo unaobadilika: embe na mteremko

Vitu vingi haviendi kwa mwendo mmoja. Embe likikatika mtini linaanza likiwa limesimama, kisha linazidi kwenda kasi. Kila sekunde ya kuanguka huongeza mwendokasi wake kwa karibu mita 9.8 kwa sekunde. Ongezeko hilo la mwendokasi kwa kila sekunde huitwa mchapuko. Embe linalotoka juu mita 5 hufika chini kwa sekunde moja hivi, likiwa na mwendokasi wa karibu mita 10 kwa sekunde, sawa na pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa. Ndiyo sababu huumiza.

Kuanguka ni kwa haraka mno kupimwa kwa jicho. Galileo alitumia akili: aliviringisha mpira mdogo kwenye mfereji uliochongwa kwenye ubao ulioinama kidogo, ili mwendo upungue, na muda akaupima kwa maji yaliyokuwa yakichuruzika. Katika kitabu chake cha mwaka 1638 alieleza alichokiona: muda ukiwa mara mbili, umbali unakuwa mara nne; muda ukiwa mara tatu, umbali unakuwa mara tisa. Unaweza kurudia jaribio hilo kwa gololi na kipande cha mwanzi kilichopasuliwa katikati.

Ile "mara mbili inayozaa mara nne" ikumbuke. Itarudi barabarani.

Hesabu ya kuvuka barabara

Tuchukue barabara ya lami yenye upana wa mita 7. Mtoto anayetembea kwa mita 1.2 kwa sekunde anahitaji karibu sekunde 6 kuivuka. Je, katika sekunde hizo 6 gari linasogea kiasi gani?

- Likiwa kilomita 50 kwa saa, linasogea mita 83.
- Likiwa kilomita 80 kwa saa, linasogea mita 133.
- Likiwa kilomita 100 kwa saa, linasogea mita 167.

Mita 167 ni zaidi ya urefu wa uwanja mzima wa mpira na nusu yake juu. Gari likiwa mbali namna hiyo huonekana dogo, na mtoto huliona kama limesimama. Jicho lake haliwezi kupima mwendokasi wa kitu kinachomjia moja kwa moja. Ndiyo sababu tunasema kumwambia mtoto "angalia kwanza" hakutoshi. Mpe alama. Nenda naye barabarani, mpime kwa hatua zenu umbali wa mita 170 kila upande, na mchague mti, nguzo au kalavati. Mwambie: gari likiwa limeupita mti ule, usivuke, subiri. Kwenye kona au kilima kinachozuia kuona hadi hapo, atafute sehemu nyingine ya kuvukia.

Sasa upande wa dereva. Aliye macho kabisa hutumia karibu sekunde moja kabla breki haijaanza kukamata. Katika sekunde hiyo, akiwa kilomita 50 kwa saa, gari limekwenda mita 14. Akiwa 100, limekwenda mita 28. Halafu breki zinaanza kazi. Kwa gari dogo zima, kwenye lami kavu, breki huchukua mita nyingine 14 hivi kwa mwendo wa 50. Kwa mwendo wa 100 huchukua karibu mita 55, mara nne, kwa sababu ileile ya mteremko wa Galileo. Jumla ni mita 28 kwa gari la 50, na mita 83 kwa gari la 100. Mvua ikinyesha, tairi zikiwa kipara au mzigo ukizidi, umbali unarefuka.

Kibao cha 50 unachokiona kijijini kimetoka kwenye hesabu hii. Mtoto akitokea ghafla mita 40 mbele, dereva wa 50 anasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa 100 anakuwa amefunga breki kwa mita 12 tu, na bado yuko kwenye mwendo mkubwa. Dereva wa bodaboda anayetusoma, hesabu hii ni yako pia. Breki za pikipiki hazikwepi kanuni ya mara nne.

Radi iko umbali gani?

Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo mwanga wa radi unauona papo hapo. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, na kilomita moja inaichukua kama sekunde 3. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Sekunde 9 maana yake radi imepiga kilomita 3 kutoka ulipo.

Ikiwa chini ya sekunde 30, mvua iwe imefika au haijafika, toka shambani, ondoka chini ya mti na uingie ndani ya nyumba imara au ndani ya gari lenye bodi ya bati. Wachungaji na watoto wanaorudi shule wafundishwe hesabu hii mapema.

Jipime

1. Simu inaonyesha 20:45. Kwa Kiswahili ni saa ngapi?
2. Basi limeondoka saa 12:30 asubuhi na kufika saa 5:15 asubuhi. Umbali ni kilomita 285. Tafuta wastani wa mwendokasi wake.
3. Punda mwenye mkokoteni ametembea kilomita 3 kwa dakika 45. Mwendokasi wake ni upi?
4. Gari linakwenda kilomita 72 kwa saa. Hiyo ni mita ngapi kwa sekunde?
5. Umeona mwanga wa radi, ngurumo imefuata baada ya sekunde 12. Radi iko umbali gani?

Majibu

1. Saa 2:45 usiku, yaani saa 3 kasorobo.
2. Muda ni saa 4.75. Gawanya 285 kwa 4.75, unapata kilomita 60 kwa saa.
3. Dakika 45 ni saa 0.75. Gawanya 3 kwa 0.75, unapata kilomita 4 kwa saa.
4. Gawanya 72 kwa 3.6, unapata mita 20 kwa sekunde.
5. Kama kilomita 4. Ingia ndani.

Mzazi, kama una nafasi ya jaribio moja tu wiki hii, chagua lile la barabarani. Shuleni mtoto wako atapewa swali la basi tena na tena. Mti wa kumwonyesha mahali pa kusubiri unaufahamu wewe.